Maziwa Yaliyokuwa ya Tunu

Mwezi uliopita nilikwenda Vigwaza kumtembelea mtoto wa kaka yangu. Kijana huyu anafuga ng'ombe wa maziwa, na alikuwa ameniita kwa heshima nisiyostahili. Katika ukoo wetu mimi ndiye niliyesoma hadi chuo kikuu, na aliyesoma huulizwa kila kitu: jina la mtoto mchanga, dawa ya mgongo, maana ya ndoto. Safari hii swali lilikuwa la ng'ombe.

"Shangazi," alisema tulipofika bandani, "nina ndama wanne wa kike. Yuko mtu anataka kuwachukua wote. Nikimpa, mwakani nitanunua mitamba wakubwa kutoka huko bara, wenye mimba tayari. Kulea mwenyewe ni miaka mitatu ya kumlisha mnyama asiyekupa hata tone. Wewe unaonaje?"

Mimi nimewahi kuandika makala kuhusu uhuru, kuhusu mavazi, kuhusu tabia za makondakta, na hata kuhusu upishi wa pilau, kazi ambayo siiwezi. Sikumbuki siku niliyokosa maoni. Siku ile niliwatazama ndama wale wanne walivyopanga pua zao kwenye fito, nikamuuliza kijana choo kiko wapi.

Sikumjibu kwa sababu swali hilo nilikwisha kulijibu zamani, nikiwa na miaka kumi, na jibu langu lilimaliza zizi la bibi yangu. Sijapata kumweleza mtu. Basi sogea nikueleze wewe, uliyenivumilia miaka yote hii nikijifanya mwema.

Bibi alikaa upande wa bara wa Kaole, pale minazi inapoanza kuchanganyika na mikorosho, na upepo wa bahari hufika umechoka, umebeba harufu ya matope ya mikoko. Nyumba ilikuwa ya udongo na makuti. Nyuma yake palikuwa na zizi la fito ambalo yeye alilithamini kuliko nyumba. Makuti yakivuja, alisema mvua itapita. Ufito mmoja wa zizi ukilegea, hatukula mpaka umefungwa.

Watu wa pwani yetu hawakuwa wafugaji wa kujivunia. Walikuwa na mashamba, walikuwa na nyavu, na ng'ombe walikuwa wa wachache wenye moyo mgumu, kwa sababu ng'ombe pale walikufa hovyo. Kulikuwa na mbung'o vichakani na kupe majanini, na kulikuwa na ndigana, homa inayoletwa na kupe hao, ambayo bibi aliitaja kwa sauti ya chini kama mtu anavyomtaja mkwe mkorofi. Lakini ng'ombe wa bibi hawakufa hovyo. Mama yake alipewa mtamba mmoja siku ya harusi yake, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, na kila ng'ombe aliyelala katika zizi lile tangu siku hiyo alikuwa wa uzao wa mtamba yule. Madume waliuzwa, au walichinjwa kwenye harusi na maulidi. Majike hawakutoka. Hakuna ng'ombe hata mmoja aliyeingia zizini kwa kamba ya mtu mwingine.

"Hawa wamezaliwa na kupe wa hapa," bibi aliniambia. "Wamezoeana nao. Ng'ombe mgeni hawajui, nao hawamjui."

Miaka mingi baadaye nilisikia wataalamu wakieleza jambo hilohilo kwa maneno marefu zaidi, na nikawa na adabu ya kutosha kuonyesha mshangao.

Kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kutoa kupe. Kila alasiri ng'ombe waliporudi kutoka kwenye nyasi za chumvini, niliwapapasa nyuma ya masikio, chini ya mkia na katikati ya mapaja, huku kuku wa bibi wakinifuata kama wanafunzi wanaomfuata mwalimu mwenye peremende. Kisha tulichoma makumbi ya nazi na samadi kavu, na moshi ulilala juu ya zizi hadi magharibi. Nguo zangu zilinuka moshi huo, nywele zangu zilinuka, hata daftari langu la hesabu lilinuka. Watoto wenzangu shuleni waliniita Mke wa Fahali. Nililia mara moja, halafu nikazoea. Kulikuwa na majina mabaya zaidi.

Na kulikuwa na chakula. Muhogo wa kuchemsha na maziwa ya mgando, wali uliomwagiwa samli, na ng'ombe akizaa, yale maziwa mazito ya njano ya siku za kwanza, ambayo bibi aliyapika hadi yakaganda kama jibini, akanipa kipande kwenye jani la mgomba. Sijala kitu kama kile tena. Nimekula kwenye karamu za maprofesa, najua ninachosema.

Lakini maziwa yalikuwa na sheria. Ng'ombe wetu hawakukubali kukamwa bila ndama, kwa hiyo ndama aliachiwa anyonye kidogo, kiwele kifunguke, kisha akafungwa mbele ya mama yake aonekane. Kama ndama alikuwa dume, tulikama chuchu tatu akaachiwa moja. Kama alikuwa jike, tulikama mbili za mbele tu. "Za mbele zetu," bibi alisema kila asubuhi, kama dua ya kuanza kazi, "za nyuma zake." Na chuchu za nyuma ndizo zenye maziwa mengi.

Jirani yetu alilicheka jambo hilo. Alikuwa mjane, mpishi wa vitumbua, mwenye mdomo usiopumzika. Kila Ijumaa alituletea vitumbua vya moto vilivyofunikwa kwa kawa, naye akaondoka na kibuyu cha maziwa, na katikati ya hayo mawili yeye na bibi walitukanana kwa furaha.

"Shoga, wewe hunywi maziwa, unanywesha," alisema. "Miaka mitatu unamwachia ndama nusu ya kiwele! Wanaume wa ng'ombe wanapita Vigwaza kila mwezi na mitamba wazima kutoka Ugogo. Nunua mmoja, uza hako kadogo, unywe chai kama watu."

"Nikinunua ng'ombe, nitamnunua na ugonjwa wake."

"Na mumeo uliyeletewa kutoka Sadani, hakuja na ugonjwa wake?"

"Alikuja nao," bibi alijibu. "Ndiyo maana sinunui tena."

Walicheka hadi kanga zikawavuka. Mimi nilicheka pia, bila kuelewa, kwa sababu vitumbua vilikuwa vitamu.

Mwaka ninaousimulia, zizi lilikuwa limebaki na ng'ombe jike mmoja, Shuwari. Alikuwa mzee, pembe moja imelala. Mara tatu mfululizo alikuwa amezaa madume, na bibi alikuwa ameanza kumsemesha alfajiri kama mtu anayebembeleza mdaiwa. Masika ilipoanza Shuwari akazaa jike. Bibi alimwita Tunu. Alimfuta utelezi kwa kanga yake mwenyewe, ile nzuri, akasema, "Huyu ndiye. Baada ya huyu Shuwari hatazaa tena." Nilielewa vizuri. Nataka ujue kwamba nilielewa. Zizi lote la mama yake bibi, tangu mtamba wa harusi, lilikuwa sasa limesimama juu ya miguu minne iliyokuwa ikitetemeka.

Wiki chache baadaye vidole vya bibi vikakakamaa. Ilikuwa baridi yabisi. Asubuhi hakuweza kufunga hata pindo la kanga. Basi akanikabidhi kukama. "Mke mwenzangu," alisema, kwa maana ndivyo alivyozoea kuniita, "leo umekuwa mtu mzima." Alikaa upenuni kwenye kibao chake cha mbuzi, amenipa mgongo kwa sababu ya jua, akasikiliza. Nilikama kwenye ndoo ya bati, na bati lilimweleza kila kitu: mwanzo sauti nyembamba kama ya msumari, kisha nene, kisha povu. Alijua kwa masikio chuchu ya kwanza imekwisha lini na ya pili imekwisha lini. Ya pili ikinyamaza, alisema, "Alhamdulillahi, mwachie mwenzio." Nami nikamfungua Tunu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa muda wa mwezi mmoja hivi.

Shuleni kwetu alikuwa amekuja mwalimu kutoka bara, Mkristo, kijana mwenye miwani na rafu ya vitabu. Rafu! Vitabu kumi na tisa, nilivihesabu kutoka mlangoni. Hakumwazima mtu. Alisema vitoto vya pwani vina mikono ya mafuta, na hakukosea. Siku moja, wakati wa mapumziko, nilimsikia akimlalamikia mwalimu mwenzake kwamba amechoka kunywa chai ya mkandaa, na kwamba kwao mtu hawezi kuiita chai kitu kisicho na maziwa. Hakusema nami. Nieleweke: hakuniomba, na hakujua. Mimi ndiye niliyekwenda kwake saa ya kutoka nikasema, "Shikamoo mwalimu. Bibi yangu ana maziwa."

Siku ya pili nilipomaliza chuchu za mbele na bibi akasema alhamdulillahi, sikumfungua Tunu. Nilichukua kifuu cha nazi. Kwenye kifuu maziwa hayasemi kitu. Yanatua kwenye nyama laini ya ganda kama mvua inayotua mchangani. Nilikama moja ya nyuma, nikaimimina kwenye chupa ya mafuta ya taa niliyoisugua kwa mchanga na majivu, nikaificha ndani ya kanga. Kisha nikamfungua Tunu akanyonye alichobakiwa nacho.

Mwalimu alifurahi sana. Akasema nimshukuru bibi. Akaniuliza ningependa kitabu gani.

Ningeweza kukuambia nilikama chuchu moja tu ya nyuma, siku moja tu. Nilianza na moja. Kitabu cha tatu kilikuwa kinene, nikaona aibu kupeleka chupa isiyojaa, nikakama zote mbili. Tunu akawa anapiga kichwa kiweleni, tuk, tuk, tuk, akitafuta, na Shuwari alimgeukia akamlamba, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa naharakisha, nilikuwa nimeacha mtu amefungiwa kisiwani kwenye ukurasa wa arobaini. Niliiba tangu mwisho wa masika, kipupwe chote, hadi vuli.

Siku moja mwalimu alikutana na bibi njiani, mimi nikiwa katikati yao.

"Ahsante sana, mama, kwa wema wako," mwalimu alisema, akiinama kidogo.

"Wema ni wa Mungu, baba," bibi alijibu. "Mfundishe tu."

Na wote wawili wakaenda zao wameridhika. Tangu siku ile sijawahi kuyaamini kabisa maamkizi mazuri.

Mwanzoni, kabla sijaanza, jirani alikuwa amekuja kumwona Tunu. Akasimama kwenye fito, akapiga makofi, akasema, "Lo! Ndama mnene huyu, kama mtoto wa liwali!" Akaenda zake. Hakusema mashaallah. Bibi aligundua, akacheka, akatema mate kidogo pembeni, yakaisha. Lakini Tunu alipoanza kukonda, nywele zikamsimama, tumbo likawa kubwa na mbavu zikaonekana, bibi aliikumbuka siku ile. Alimpa dawa ya minyoo ya majani. Alimfukizia ubani. Alimfunga hirizi shingoni. Ndama aliyeachiwa nusu ya kiwele kila asubuhi, anadhoofu vipi? Aliniuliza mimi swali hilo, akaniuliza kwa dhati kama anavyoulizwa mtu mzima.

Nikasema, "Sijui, bibi."

Kisha nikasema zaidi. Hapa ndipo ninapotamani karatasi iishe. Nikasema, "Labda ni jicho."

Ijumaa iliyofuata jirani alipofika na vitumbua, bibi hakumkaribisha. Alisimama mlangoni.

"Uliniambia nimuuze," bibi alisema. "Sikumuuza. Sasa umemla kwa macho."

Jirani alidhani ni utani. "Nimle kwa macho, na meno yangu yana kazi gani?"

Bibi hakucheka. Jirani akamtazama, akanitazama mimi, akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Akageuka na kawa lake. Vitumbua vilikuwa bado vinatoa moshi. Hakuja tena, na bibi alimwambia kila mtu kisimani sababu yake, na akina mama wenye watoto wachanga wakaanza kuwafunika alipopita.

Niliacha kuiba? Niliacha vuli ilipokwisha, mwalimu alipohamishwa. Sikuacha kwa sababu ya toba. Alinipa zawadi ya vitabu viwili, akaandika kwa mkono wake kwamba niendelee hivyo hivyo.

Tunu hakufa. Ingekuwa afadhali labda. Alidumaa. Alipofikisha umri ambao mtamba hupandwa, alikuwa na kimo cha mbuzi aliyekula vizuri. Dume la kijiji lilimnusa likaondoka. Shuwari alikufa kwa uzee kiangazi cha mwaka huo, akiwa amelala chumvini. Ndipo bibi, ambaye maishani hakununua ng'ombe, akamwita mchinjaji aje kumchukua Tunu, akapanda lori la mkaa nami tukaenda Vigwaza kununua mtamba.

Alimchagua vizuri. Alimfungua mdomo, akampapasa nyonga, akamtembeza. Alikuwa mweusi mwenye baka jeupe, mrefu, ngozi inameta. Bibi alimwita Mgeni. Mchungaji mmoja alimleta kwa miguu siku kadhaa, na bibi alimngojea njiani kwa maji ya pumba. Mimi nilimtoa kupe asubuhi na jioni. Niliwatoa kama mwendawazimu. Sikucheza, sikusoma. Nilipapasa hadi kati ya kwato.

Wiki ya nne nilikuta uvimbe chini ya sikio lake, kama embe changa. Nilimwita bibi. Aliugusa kwa mgongo wa kidole chake kilichopinda, akasema, "Ndiyo hiyo." Siku zilizofuata Mgeni alisimama na shingo iliyonyooshwa, akihema kama aliyekimbia kutoka Ugogo, macho yanatiririka, povu puani. Alikuwa na mimba. Bibi alikaa naye mchana kutwa akimpepea kwa kawa. Alipoanguka, bibi alisema neno moja tu, "Pole, mgeni," kama vile amekosea kumpokea mtu aliyetoka mbali.

Zizi halikupata ng'ombe mwingine. Ndoo ya bati ikawa ya kufulia. Fito ziliingia jikoni moja moja, na bibi, aliyekuwa akikataa kula ufito ukilegea, alizivunja mwenyewe juu ya goti.

Mimi nilifaulu. Nilikwenda shule ya bweni, kisha mbali zaidi. Kila likizo nilirudi nikiwa na Kiingereza kingi na bila ujasiri. Nilimletea bibi maziwa ya kopo. Aliyanywa, akayasifu.

Alipofariki, nilikuta jirani nyuma ya nyumba akisugua masufuria ya matanga kwa majivu. Hakuna aliyemwita, alikuja tu, akachagua kazi isiyomlazimu kukaa karibu na watoto. Nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umenenepa. Mashaallah." Akacheka. "Siku hizi naitanguliza."

Nilichutama nikashika sufuria. Tulisugua kwa muda. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Nilikuwa nakuona, unajua. Ukipita kwangu asubuhi na ile chupa, umeifunga kangani kama mtoto mchanga."

Niliweka sufuria chini.

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Angesema ni kijicho juu ya kijicho. Au angeniamini, akakutoa shule. Alikuwa anatafuta sababu tu, huyo. Hakupenda watoto wa kike wasome." Alimwaga maji machafu, akachota mengine. "Nikasema, mtoto huyu ana akili. Akikua atamwambia mwenyewe. Kila ulipokuja likizo nilisema, safari hii. Nilikuwa nakaanga vitumbua siku hizo, unajua? Nikavifunika kwa kawa. Nikangoja aniite."

Hakusema kwa uchungu. Ningependa angesema kwa uchungu. Alikuwa kama anayenieleza jinsi ya kukaanga.

Rafiki mmoja, daktari wa mifugo, niliwahi kumuuliza kwa kuzunguka, nikijifanya ni habari ya watu wengine. Alisema ndama huweza kudumaa kwa ndigana yenyewe, au kwa minyoo, na kwamba si lazima iwe maziwa. Nilimshukuru. Nililala vizuri siku mbili. Siku ya tatu nilisikia tena tuk, tuk, tuk.

Basi siku ile Vigwaza nilitoka chooni, nikamwambia kijana, "Walee."

"Wote wanne?"

"Wote. Na nani anakama?"

Akanionyesha binti anayemsaidia. Nikaomba nijaribu mimi, na wote wawili wakacheka, shangazi wa chuo kikuu na ng'ombe. Vidole vyangu vimeanza kukakamaa kama vya bibi, lakini havikusahau. Niliinamisha kichwa kwenye ubavu wa moto wa yule ng'ombe, nikakamua, nikangoja ile sauti ya msumari. Haikuja. Walikuwa wamenipa ndoo ya plastiki. Ilijaa kimya, na mtu aliyekaa upenuni asingejua chuchu ngapi zimekamwa wala zilikuwa za nani.

Zizi halipo, minazi imekuwa viwanja, na jirani naye ametutoka. Lakini wajukuu zake wako Kaole, na nimesikia kwamba hadi leo wapo wanaowafunika watoto wao pindi wanawake wa nyumba ile wanapopita. Ndiyo sababu nimeyaandika haya, na nimezunguka sana kabla ya kuyafikia. Bibi yao hakuwa na jicho baya. Maziwa ya Tunu niliyachukua mimi.